Kuuvuka Mstari wa Diski

Wenzake kazini walimbandika jina la Mama Punje, na utani wao haukuwa na mwisho. "Mama Punje, wali umeiva?" walimuuliza kila alipotoka maabara. Kazi yake ilikuwa kutazama vyuma kwa hadubini, maana chuma nacho kina punje zake, zinazoonekana ukikisugua kikang'aa na kukipaka tindikali. Alicheka nao. Lakini alikuwa mwoga wa kuzaliwa, mtu wa kurudi ndani kuhakikisha jiko limezimwa, na ukumbi wa mitambo wa kituo kile cha umeme hakuwahi kuuzoea. Huko ndiko alikofanya kazi mdogo wake wa kike.

Asubuhi moja aliletewa kipande kilichokatwa kwenye diski ya akiba. Diski ni lile gurudumu zito linaloshika mapanga ya turbini, ule mtambo wa kuzalisha umeme, likizunguka kwa kasi kwenye joto ambalo chuma cha kawaida kingelegea. Ndiyo maana huundwa kwa aloi ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine. Ndani ya kila punje ya aloi hiyo kuna vichembe vidogo mno, vimesongamana, na hivyo ndivyo vinavyoizuia isinyumbuke taratibu inapovutwa motoni.

Aliinamia hadubini, akakisogeza kipande kutoka katikati hadi ukingoni. Vichembe vilikuwa vimenenepa na kuachana, kama meno ya kikongwe. Diski ilikuwa imetolewa tanurini ikaachwa ipoe polepole mno. Na pacha yake, iliyotoka tanuri lile lile siku ile ile, ilikuwa ndani ya mtambo, inazunguka.

"Bosi, njoo uone," alimwita mhandisi mkuu. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Mhandisi alitazama, akavua miwani, akatazama tena. "Ni sehemu hii tu, au kote?"

"Kote. Nimeangalia katikati na ukingoni."

Mhandisi hakubisha. Alinyakua simu akapiga chumba cha uendeshaji: wauzime mtambo, wauteremshe taratibu. Kisha akauliza nani yuko ukumbini. Alipoweka simu, uso ulikuwa umempauka.

"Ni mdogo wako. Anakagua mafuta upande wa mbali. Kwa ule mngurumo, hawezi kuisikia simu yake."

Mama Punje alijua kitu ambacho wengi hawapendi kukijua: diski ikipasuka, vipande havirukii mbele wala nyuma. Huruka ubavuni, kwenye mstari wa mzunguko wake, na ganda la mtambo haliwezi kuvizuia. Ili kumfikia mdogo wake ilimbidi aukate mstari huo.

Alikimbia. Mlangoni alisita. Mtetemo wa sakafu ulimpanda hadi magotini, na mlio wa mtambo ukamwingia kifuani. Alifumba macho, akauvuka mstari ameinama, mikono kichwani, kama mtu anayekwepa mvua ya mawe.

Mdogo wake alikuwa amechuchumaa, vikinga sauti masikioni. Alipomwona, alicheka. "Dada! Nani kakufukuza?"

Mama Punje hakusikia, alisoma midomo tu. Alimshika ukosi wa ovaroli akamburuta kuelekea mlango wa nyuma, ule usiofunguka kutoka nje, na yule binti, alipouona vizuri uso wa dada yake, hakucheka tena.

Walikaa chini nje, migongo ukutani, wakisikiliza mlio ukishuka. Turbini haizimiki kama taa. Ilichukua muda mrefu, na kila mlio ulipobadilika, walibanana.

Ilisimama salama. Mafundi walipoifungua siku chache baadaye, diski ilikuwa imetanuka. Ncha za mapanga zilikuwa zimekwangua ganda kwa ndani, na penye shina la panga moja palikuwa na ufa.

"Ingekuwaje kama ungekuwa umekosea?" mdogo wake alimuuliza.

"Ningechekwa. Kuchekwa nimezoea."

Diski mpya ilipoletwa, Mama Punje aliichunguza mwenyewe. Vichembe vilikuwa vidogo, vimebanana, safi. Hata hivyo, siku mtambo ulipowashwa alisimama nje ya uzio wa kituo, na mlio ulipoanza kupanda alimshika mdogo wake mkono kwa nguvu.

"Dada, si ulisema ni nzima?"

"Ni nzima," alijibu, na hakumwachia.