Saba ni Nyingi

Samli ikichemka jikoni kwangu, mimi nasikia harufu ya matokeo ya mtihani. Mnicheke tu. Baba aliweka karatasi zake zote za maana ndani ya kibuyu kikavu cha samli, akakining'iniza darini: karatasi za kodi, cheti cha chanjo ya ng'ombe, na siku ile matokeo yetu ya darasa la nne, yangu na ya dada yangu Minza.

Tulikuwa Didia, miaka ya hamsini mwanzoni. Minza alinizidi mwaka mmoja, lakini tulianza shule pamoja kwa sababu mimi nilikataa kubaki nyumbani bila yeye, na yeye alikataa kubaki nyumbani kabisa. Alikuwa akisoma hata gazeti lililofungiwa chumvi. Mimi nilipenda jiko la mama. Mpaka leo nikifika sokoni natamani kurudi.

Zamani mwalimu aliandika neno: vizuri, wastani, hafifu. Mwaka ule wakaleta namba, moja hadi tisa, na moja ndiyo ya juu kabisa. Minza alipata moja. Mimi nilipata saba, nikaponea chupuchupu. Wote wawili tukapewa nafasi katika shule ya bweni ya misheni, mbali, upande wa Ushirombo. Lakini Baba alikwisha kusema ataondoka mmoja tu, maana mama hawezi kupalilia pamba peke yake.

Jioni Baba akakaa kwenye kigoda, karatasi mbili gotini. Kusoma hakujua, ila namba alizijua. Mfugaji gani hajui kuhesabu? Mama alikuwa shambani bado. Minza alikuwa pembeni akisukasuka maziwa kwenye kibuyu.

"Huyu moja," Baba alisema. "Huyu saba. Mwenye ng'ombe mmoja na mwenye ng'ombe saba, tajiri nani?" Akanigeukia. "Eti, mayu, saba ndiyo inashinda?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo akiwa amefurahi, na kwa kawaida aliyemfurahisha alikuwa Minza. Shule sikuitaka. Nilitaka hiyo mayu.

"Saba ni nyingi, Baba," nikasema.

Kibuyu cha Minza kikanyamaza. Nilingoja aseme. Kisha kikaanza tena, chwaka, chwaka, na Baba akazikunja zile karatasi.

Basi nikapata nilichostahili: nikapakiwa juu ya lori, juu ya magunia, nikalia mpaka dereva akauliza kama napelekwa shule au mazikoni. Bwenini nililia muhula mzima. Hesabu zilinipita kama mbuzi wa jirani.

Niliporudi likizo, waposaji wa Minza walikuwa wamekwisha kuja, na ng'ombe wao walikuwa zizini kwetu. Baba akaitaka karatasi yangu mpya. Safari hii hakuniuliza mimi. Alimpa Minza asome, tena kwa sauti, mbele ya wajomba wawili waliokuja kwa shughuli ya harusi.

Nilijua nimekwisha. Minza aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma yote kimoyomoyo kwanza, hata maneno madogo ya mwalimu pale chini, ambayo hayakuwa mazuri. Alisoma polepole, kama mtu anayekula kitu ambacho hatakipata tena.

"Nane, Baba," alisema. "Amepanda."

Baba akacheka, akawapiga wajomba makofi ya mabegani. Mimi nikamnunia Minza siku tatu, nikidhani amenisimanga, maana kusimangana ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Akaolewa nikiwa bado nimenuna kidogo.

Nilikokotana na masomo mpaka sekondari, nikapata watoto wangu, na siku moja nikiwa nasaini ripoti ya binti yangu ndipo nilipoisikia ile sauti ya Minza sawasawa. Haikuwa na kicheko. Kama angesema ukweli, kwamba nane ni chini ya saba na moja ndiyo ya juu, Baba angejua palepale, mbele ya shemeji zake, alichomfanyia binti yake. Na ng'ombe wa watu walikuwa wamekwisha kuingia. Minza alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliona nafasi yake haiwezi kurudi, akaamua Baba asijue.

Baba alikufa bila kujua. Minza naye ametangulia, na sikuwahi kumwambia kwamba nimeelewa.