Mbwa Asiye na Mate

Ninachoeleza hapa kilinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, sijanywa kitu wala sijasinzia. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua wasimulizi wa mambo haya, Kariakoo wamejaa. Mmoja atakuambia alipanda bajaji na mwanamke mwenye kwato. Ukimuuliza kwato zenyewe zilikuwa za mbuzi au za punda, anakasirika. Watu wa namna hiyo siwaamini mpaka leo. Mimi ni fundi friji, Mchafukoge. Kazi niliisoma mwenyewe vitabuni, na mashine ikigoma natafuta sababu, sitafuti mganga.

Nina Hiace kuukuu. Viti vya nyuma niling'oa, nikaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi na pazia. Nikipata nafasi naondoka nayo mikoani na mbwa wangu, Bosi, tunalala humo humo. Mtaani ni kichekesho. Vijana wa kupakia mizigo wakiniona nafunga mlango wa nyuma, lazima mmoja aseme, "Shikamoo anko. Fungate ya mwaka huu mnaenda wapi, wewe na mbwa?" Naitikia marahaba, nawasha gari. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Kibaha atanifundisha nini kuhusu safari?

Safari hiyo Shabani, mume wa dada yangu, aliomba lifti akaangalie shamba lake la mpunga Ifakara. Anauza vitenge Kariakoo, na ni mwoga na mbishi kwa pamoja. Mbwa hamgusi. Kwake mate ya mbwa ni najisi. Yakimpata, lazima aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo safari nzima alikaa amejibana mlangoni, macho hayabanduki kwenye mdomo wa Bosi. Nilimdharau kwa hilo, sifichi.

Wakati wa kurudi, jua likiwa limeanza kulegea, tulisimama kuchemsha chai kando ya barabara ya vumbi, katikati ya mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero. Miwa ilikuwa mirefu kuliko gari. Mbele kidogo walikuwa wanachoma shamba, kama wanavyofanya kabla ya kukata, ili majani makavu yaishe. Ndezi, wale panya wakubwa wa mashambani, walikuwa wanaukimbia moto. Mmoja alikatiza mbele yetu, Bosi akamfuata, akapotelea ndani ya miwa.

Niliita. Nikapiga mluzi. Moshi ukazidi, na moto ukawa unasikika kama mvua kwenye bati. Mbwa huyu nilimwokota akiwa kitoto nyuma ya bucha, na tangu mke wangu afariki ndiye pekee anayenisubiri nyumbani. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Kisha akatoka. Alitoka akitembea, hakukimbia, akaja moja kwa moja hadi mlangoni na kusimama. Nikamfungulia. Nikamwambia "kaa", akakaa. Hapo nilipaswa kushtuka, maana Bosi hajawahi kutii neno hilo maishani mwake, na manyoya yake hayakuwa na hata chembe ya majivu. Lakini mtu aliyerudishiwa kitu chake haanzi kukikagua, sivyo?

Tukaondoka, vioo tumepandisha kwa ajili ya moshi. Mbwa alikaa katikati yetu. Baada ya mwendo mfupi akalaza kidevu juu ya paja la Shabani, juu ya kanzu nyeupe. Nikasubiri kelele. Shabani akapapasa kanzu, kisha akasema polepole:

"Shemeji, mbwa wako anaumwa?"

"Haumwi. Msukume tu, kanzu utafua."

"Hakuna cha kufua. Pakavu hapa."

"Basi shukuru Mungu."

"Sikiliza. Tangu Dar naangalia huu mdomo kuliko ninavyomwangalia dada yako. Unatiririka kama bomba bovu. Huyu hajaufungua tangu apande. Joto lote hili, mbwa gani hahemi?"

Nilicheka. Nikamwambia hofu zake akaziuze Kariakoo pamoja na vitenge. Hata hivyo nilipenyeza kidole ndani ya mdomo wa mbwa, ili nimwonyeshe ujinga wake. Ulimi ulikuwa mkavu kama msasa, na wa baridi. Baridi naijua, ndiyo kazi yangu. Ile haikuwa ya kitu kilicho hai.

"Shemeji," Shabani akasema, "tazama kioo."

Nyuma yetu, ndani ya vumbi, mbwa alikuwa anakimbia kwa miguu mitatu, mweusi kwa masizi, ulimi nje. Alianguka, akainuka.

Nikafunga breki. Mbwa aliyekuwa katikati yetu alinigeukia, akanitazama kama mtu anayetazama mjinga.

"Shuka," nikasema.

Amini usiamini, alijibu. Kwa sauti ya chini, bila haraka: "Ulinifungulia mwenyewe."

Shabani alikuwa ameanza kusoma dua. Mimi nilishuka, nikashikilia mlango wazi, nikarudia neno lile lile. Yule mbwa akanipa mgongo, akateremka kinyumenyume, miguu ya nyuma kwanza, kama mzee anayeshuka kwenye lori, akaingia kwenye miwa. Majani hayakutikisika.

Bosi alipotufikia, Shabani ndiye aliyembeba. Alimkumbatia kifuani, na masizi yake na mate yake yote. "Washa gari, shemeji," akasema, tukashika njia ya Mikumi.

Mguu ulipona, ingawa umepinda. Lakini Bosi haji tena kwa kuitwa. Nikimwita, hata kwenye korido ya nyumbani, anasimama mbali na kunitazama mdomo. Lazima ninyooshe mkono, aunuse, aulambe, ndipo asogee. Mwanzoni nilidhani ni kiwewe cha moto. Sasa nadhani kabla yule hajanitokea mimi kwa sura ya Bosi, kuna kitu kilimtokea Bosi mle ndani ya miwa kwa sura yangu, kikamwita kwa sauti yangu.

Unaweza kucheka, wanaocheka nimewazoea. Ila ukipita kwenye miwa inayoungua, na ulichopoteza kikakurudia kisafi na kitiifu, kikague kabla hujafungua mlango. Mimi hukaguliwa kila jioni. Siku mbwa huyu akiulamba mkono wangu kisha akarudi nyuma, sijui nitajitetea vipi.