Muziki wa Bi. Evelyn Kwenye Harusi ya Njeri

Chekeni tu mmalize, maana mimi aibu nimeshaizoea, hadi leo nikiingia kanisani kwetu Mesquite, huku Marekani, kuna kina mama wananinyooshea vidole, "Ndiye huyo."

Mimi ni nesi, nahudumia wazee majumbani. Huko Mansfield nilikuwa namtunza Bi. Evelyn, bibi Mmarekani mcheshi aliyetunga muziki wa okestra maisha yake yote, na siku moja akanipa CD mpya ya kazi zake, imepigwa na okestra nzima, anaishika kama yai. Nikaiweka kwenye gari nikirudi nyumbani, nikasikia fidla zinaanza polepole, tamu, kama mtu anabembeleza mtoto, nikasema haya ndiyo mambo (nilipofika kwangu nikazima papo hapo, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi).

Dada yangu Njeri alikuwa anaolewa Jumamosi hiyo na hakuwa na wimbo wa kuingilia. Nikamwambia, "Niachie mimi." Tena kwa kujiona mtu wa maana nikamwalika Bi. Evelyn mwenyewe, akaketi mbele na kofia yake ya zambarau.

Milango ikafunguliwa, fidla zikaanza, simu zote juu, Shangazi Wanjiru analia, Njeri anatembea kama malkia, na mimi nimekunja mikono utadhani nimetunga mimi. Alipofika katikati, ngoma zikapasuka GADAM! Tarumbeta zikalia kama malori yamegongana highway, fidla zikaanza kupiga mayowe, msichana wa maua akatupa kikapu akatoroka, Njeri akaruka, akakanyaga gauni, akadondokea mapajani mwa mzee wa kanisa.

Mchungaji wetu, Mkongomani mwenye sauti ya kutikisa madirisha, akanyakua maikrofoni. "Shetani, toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Kanisa zima likaanza kukemea. Nikakimbilia mashine ya muziki, na kwa kuchanganyikiwa nikazungusha kitufe sicho, sauti ikapanda zaidi.

"Kamau!" Shangazi akapiga kelele. "Umetuletea nini hapa?"

Mwishowe nikang'oa waya. Kimya. Nikamtazama Bi. Evelyn, ambaye jasho la maisha yake lilikuwa limekemewa kama pepo, nikaona ameinama, mabega yanatetemeka. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, naomba msamaha kwa Kiingereza kilichovunjika vipande.

Akainua uso. Alikuwa anacheka hadi machozi.

"Kamau, hapo kwenye ngoma ni kimbunga kinaingia," akasema. "Kwenye kumbi kubwa watu husinzia hapo hapo. Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu wanakimbia!"

Njeri akatoka, akaingia upya akiimbiwa na kina mama kwa makofi, akaolewa vizuri, lakini mimi hakunisemesha hadi keki ilipokatwa.

Nimeapa sitampigia mtu muziki ambao sijausikiliza hadi mwisho. Shangazi naye ameapa lake: siku nikioa mimi, nitaingia kanisani kimya kimya, kwa miguu yangu, na atakayewasha mashine atajuana naye.