Mnara wa 5G, booster ya ukweni na posa yangu Oldonyo Sambu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya ninayoandika sijayaongeza chumvi. Tangu yatokee situlii, ndiyo maana nimeyaleta hapa.

Mimi ni fundi wa mitandao ya simu, nakaa Elerai. Kazi yangu ni kusaka interference, yaani mawimbi ya kitu kingine yanayoingilia mnara mpaka usikie kelele badala ya simu zenu.

Majuzi tuliwasha 5G kwenye mnara mmoja Oldonyo Sambu. Haikupita muda, malalamiko. Simu inaonyesha network imejaa, ukipiga haitoki.

Watu wakasema ni 5G. Siku hizi hata mahindi yakidumaa ni 5G.

Walioumia zaidi ni zahanati. Nesi akitaka gari la kumkimbiza mjamzito mjini, inabidi atoke mbio mpaka barabarani ndiyo simu itoke. Bosi akaniambia nisirudi ofisini bila jibu.

Nikaingia kazini na analyser, kile kipima mawimbi, na antena ya mkononi. Unaigeuza huku na huku, kelele ikipanda unaifuata. Ikanipitisha kwenye mashamba, ikanipandisha kilima, ikanisimamisha mbele ya nyumba ya bati la bluu yenye kiantena juu ya paa.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

Wakuu, ni kwa kina Naserian.

Naserian ni mchumba wangu. Posa ilishapelekwa, wazee wake hawajajibu. Na kwao, muoaji ambaye hajajibiwa hakanyagi pale. Neno lolote linapitia kwa mshenga.

Kile kiantena kilikuwa cha booster, vile vikuza mawimbi vya dukani visivyo na kibali. Wewe ndani unapata network safi, huku inaumwagia mnara kelele na kuwazibia majirani wote.

Nikashuka barabarani, nikampigia mshenga wangu, mwalimu mstaafu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, mimi napeleka posa. Malalamiko ya minara sipeleki. Nikaanze vipi? Kwamba mkwe mtarajiwa anaomba mzime mtambo?"

Akasema nisubiri wazee wajibu kwanza. Nasubirije na nesi anakimbia barabarani? Niliwaza nikimkosa Naserian kwa sababu ya kiantena, nikataka kulia.

Nikavaa reflector na helmet, nikajidanganya kwamba hapo mimi ni kampuni, siyo muoaji. Nikapiga hodi.

"Shikamoo yeyo," nikamwamkia kwa neno lao la mama.

Mama Naserian akanitazama kuanzia buti mpaka helmet.

"Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?"

Nikaeleza habari za zahanati, maneno yanagongana mdomoni. Akasema booster aliletewa na mwanawe aliyeko Dodoma, wiki ile ile tuliyowasha 5G, na bila hiyo hamsikii mwanawe akipiga. Kisha akaingia ndani, akaichomoa mwenyewe, akafunga mlango. Hakuniaga.

Analyser ikatulia pale pale. Mimi nikashuka kilima mbio.

Kesho yake nikaomba ofisini tugeuze kidogo antena ya mnara, ile kona ipate mawimbi bila booster. Wakakubali. Zahanati sasa wanapiga simu wakiwa ndani.

Jana nikapigiwa na namba ngeni.

"Unanisikia?" Mama Naserian!

"Nakusikia vizuri, yeyo."

"Na mimi nakusikia. Mwanangu wa Dodoma pia nimemsikia leo."

Nikatazama simu nikidhani imekata.

"Jumamosi mtume mshenga, wazee watajibu. Wewe ubaki huko huko."

Akakata.

Naserian nikimuuliza anacheka tu. Mwalimu ameshapiga pasi koti la Jumamosi.

Nilichojifunza: kabla hujafunga booster, uliza kwanza, la sivyo utasikia wewe peke yako na kijiji kizima kitakuwa bubu. Na helmet haimfichi muoaji.

Mliooa kule Oldonyo Sambu, mwageni maoni. Nianze kutafuta suti, au mahali pa kujificha?