Ng'ombe Nilizozihesabu Rongo

Hii aibu nimeificha miaka mingi, mke wangu mwenyewe ameijua juzi tu, tena kwa kunibana, kwa hivyo mkicheka chekeni polepole.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa mfuko mmoja pale Migori mjini, uliokuwa ukiwalipia karo ya chuo watoto wa wasiojiweza. Kazi yangu ilikuwa kwenda nyumbani kwa kila aliyeomba basari, niangalie paa, niangalie shamba, nihesabu mifugo, kisha niandike chini ya fomu: anajiweza, au hajiwezi. Kijana wa miaka ishirini na nne, kutoka Kehancha, kalamu mfukoni (nilijiona DC mdogo, msiniulize).

Basi Jumatano moja nikatumwa upande wa Rongo, kwa msichana anayeitwa Akinyi aliyeitwa chuo cha ualimu, na chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu. Utaratibu ulikuwa nipitie kwa naibu wa chifu anisindikize. Nikafika kwake, nikaambiwa ametoka kidogo, nimngoje. Mimi na kungoja wapi na wapi. Nikauliza njia, nikapanda baiskeli ya ofisi nikaenda peke yangu, na hapo ndipo nilipojiponza.

Nilipokaribia lile boma nikasikia filimbi, halafu kengele, halafu ardhi ikaanza kutetemeka kweli kweli. Ng'ombe! Mimi ni Mkuria, nimekua katikati ya ng'ombe, lakini sijawahi kuona kitu kama kile: mafahali wamevishwa majani kwenye pembe, vumbi limepanda mpaka jua limefifia, wanaume wenye mikuki wanakimbia kando wakiimba, na wote, watu na ng'ombe, wanaingia lango moja. Nilivua kofia bila kujua ninamvulia nani. Kwetu ng'ombe wakiingia na nyimbo namna hiyo ni mahari, mtu ameoza binti, basi nikajua nimeangukia sherehe (kando ya nyumba palikuwa na udongo mpya umerundikwa, nikajiambia kumbe wanajenga tena). Nikahesabu mpaka arobaini na moja nikapotea, nikaegemeza fomu kwenye kiti cha baiskeli, nikaandika kwa wino: ANAJIWEZA. Tena nikapiga mstari chini.

Ningegeuza baiskeli hapo ningekuwa nimekosea kimyakimya, lakini wapi, nilitaka wajue mimi sidanganyiki. Nikaingia hadi mlangoni, ambako mama mmoja alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia kwa sauti ya mtu wa ofisi, "Hongera sana, mama, kwa hii mali yote. Sasa mbona mnatuomba sisi?"

Filimbi zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Msichana mwembamba akainuka nyuma yake, na huyo ndiye Akinyi. Hakupandisha sauti.

"Baba tumemzika jana," akasema. "Hizo ng'ombe si zetu. Zimekuja kumuaga."

Jamani, ule mkono wa mama nilikuwa bado nimeushika, sikujua niuachie vipi. Mzee mmoja mwenye mkuki akanivuta kando, akaniambia, "Omera, ndugu yangu, hapa kuna matanga," kisha akanieleza kwa upole ambao sikustahili kwamba hiyo ni tero buru, desturi yao ya kukifukuza kifo kwa ng'ombe na mikuki, na kwamba marehemu hakuacha hata mbuzi. Alikuwa mtu wa kuitwa ng'ombe wa jirani akishindwa kuzaa, naye halipishi. Kila boma alilowahi kusaidia lilikuwa limeleta zake. Mzee akanionyesha fahali wake mkubwa, akasema huyo alivutwa tumboni kwa mikono ya marehemu. Nikazitazama zile ng'ombe upya, na safari hii niliogopa hata kuzihesabu. Jioni zikaanza kutoka, kila kundi na njia yake, mpaka boma likabaki na kuku wawili.

Sasa fomu. Sheria ya mfuko ilikuwa neno likiandikwa halifutwi mpaka aliyeliandika asimame mbele ya kamati nzima aeleze kwa nini. Ijumaa nikasimama. Ningeweza kutunga uongo, lakini wangeahirisha wachunguze, na Jumatatu ingempita yule msichana. Nikasema yote, hongera, kushika mkono, na ule udongo. Mwenyekiti, mzee wa kanisa asiyechekaga, alicheka mpaka akavua miwani. Nilipofika pale ng'ombe zinatoka, hakuna aliyecheka tena. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe: hajiwezi. (Ofisini waliniita Bwana Hongera mpaka nikaacha kazi.)

Barua niliipeleka mwenyewe Jumamosi, naibu wa chifu akiwa mbele. Akinyi akamsomea mama yake kwa Kijaluo, polepole. Mama akanitazama, akanitambua. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Lile neno lako la siku ile," akasema, "sasa lilete."

Nikalisema, safari hii bila ile sauti ya mtu wa ofisi. Tangu hapo, hata nikialikwa harusi kwa kadi, simpi mtu hongera kabla sijauliza kuna nini.