Nyumba Yetu Ilipokwenda Likizo Kisiwani

Mjukuu wangu wa kike, yule anayefanya kazi ya benki Nairobi, alirudi juzi kutoka Naivasha. Alinionyesha picha kwenye simu: vibanda vya mbao vimepangwa kando ya ziwa, watoto wake wamevalishwa majaketi ya kuelea, mashua inawapeleka kisiwani kutazama twiga. Akaniuliza, "Ayeeyo, nyinyi zamani mlikuwa mnaenda likizo?"

Nikamwambia tulienda. Serikali ilitupeleka. Vibanda kando ya maji, kisiwa, walinzi wenye bunduki usiku na mchana, na hatukulipa hata senti. Alicheka, akadhani bibi yake amezeeka. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, kwa Kiswahili hiki nilichookota sokoni, maana shule niliisikia kengele yake tu.

Majina ninayo yote. Waliokuwa kwenye lori la wanajeshi lililotuhamisha nawajua mmoja mmoja, na baba zao, na babu zao. Sitawataja. Wajukuu wa walioswaga na wajukuu wa walioswagwa leo wanakunywa chai meza moja pale Garissa, na chai ikimwagika haizoleki. Nitataja ngamia tu. Ngamia haitwi kuhojiwa.

Zilikuwa siku za vita vya shifta, kama walivyoitwa waasi. Wakubwa waligombania mpaka, kama sisi ni wa Kenya au wa Somalia. Sisi wenyewe, huko nyuma ya Balambala, tuligombania majani na visima. Kiangazi kimoja, jilaal kali, wanajeshi wakaja kutuambia tuhamie kando ya mto Tana kwa usalama wetu. Aliyeukataa usalama alichomewa nyumba. Baba hakuwa nasi. Yeye alikuwa ameshachukuliwa kwenda likizo yake peke yake, yenye geti kubwa zaidi, kwa sababu aliulizwa kama ameona shifta, akajibu kwamba ameona wanaume wenye bunduki, na kuwatofautisha hawezi.

Kijiji chetu kipya kilizungushiwa ua wa miiba, geti moja, na afisa mmoja kutoka bara mwenye filimbi. Afisa yule alipenda mistari kuliko kitu chochote. Nyumba zetu ni za miti iliyopindwa na mikeka. Mwanamke huisuka mwenyewe, ni mali yake, na akihama huivunja akaipakia. Huijenga ikiupa upepo kisogo. Afisa alitaka nyumba zote zisimame mstari mmoja, milango itazame bendera. Upepo ulitoka upande wa bendera. Tulikula mchanga kwa heshima zote.

Tena watu wetu hawakai mtoni. Huenda, hunywesha, huondoka, kwa sababu mtoni kuna mbu, mamba, na nzi wanaoua mifugo. Afisa alitupanga akatuambia tumshukuru Mungu, sasa maji yako karibu na tunaweza kupumzika. Tukashukuru. Mbu nao walishukuru.

Lakini mama yangu, hooyo, hakupumzika, na sababu ilikuwa moja: Dooyo.

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupewa ngamia jike, ngamia wa kitovu, na kundi lake la utu uzima huanzia hapo. Dooyo, ngamia wa kijivu mwenye dharau, alikuwa wa ndugu yangu mdogo aliyekuwa bado ananyonya. Ngamia wetu wengine walikutwa nje ya malisho yaliyoruhusiwa wakapigwa risasi, maana ilisemekana ngamia huwabebea shifta mizigo. Ng'ombe hawakushukiwa. Dooyo alibaki, mimba yake imekomaa, na majani ya karibu na geti yalikuwa yamekwisha. Alianza kula mkeka wa jirani. Hooyo alimpapasa mbavu kila asubuhi. Ngamia akishikwa na njaa mimba hutoka, na ikitoka, ndugu yangu angebaki na kitovu tu.

Katikati ya mto palikuwa na kisiwa. Maji yalikuwa yamepungua hadi kiunoni, na kisiwa kilikuwa kibichi mpaka kinaudhi macho. Hooyo akaenda kuomba ruhusa. Mkalimani alikuwa muuza chai wa mjini, jamaa wa ukoo wetu, aliyepewa kazi ile kwa sababu alijua kusema "ndiyo" kwa lugha tatu. Afisa akauliza mama anataka kufanya nini kisiwani. Kukaa na ngamia, alisema hooyo. Afisa akacheka, akakumbuka bwana mkubwa wake wa kizungu wa zamani, ambaye kila kiangazi alichukua mke na kikapu akaenda kukaa karibu na maji bila sababu.

"Kumbe mama anataka likizo," akasema. "Mwambie aende. Wanawake na watoto tu, hapa hapa karibu."

Mengine hakumwambia, kwamba filimbi ya jioni ikilia lazima turudi ndani ya ua. Alidhani yanajulikana. Na hooyo naye alidhani yake yanajulikana, kwamba mwanamke hapeleki ngamia malisho mapya akaiacha nyumba nyuma, kama vile mtu haendi sokoni akakiacha kichwa. Asubuhi akaivunja nyumba. Miti na mikeka akampakia punda, maana Dooyo mwenye mimba hapakiwi. Askari wa geti alitazama mzigo, akaona mikeka ya kukalia na kuni za chai, akatutakia safari njema.

Tukavuka mimi, hooyo, mtoto mgongoni, punda, na Dooyo akinusa maji kama mtu aliyeletewa supu baridi. Mchana nyumba ilikuwa imesimama kisiwani, kisogo kwenye upepo. Dooyo alikula mpaka tumbo likawa na pembe. Jioni filimbi ikalia ng'ambo. Hooyo akasema yule mtu leo ana furaha, anapiga muziki.

Kesho yake afisa alipokagua mstari wake alikuta pengo, kama la meno yangu wakati ule. Mtu kutoroka alikuwa amefundishwa. Nyumba kutoroka hakufundishwa. Alikuja ukingoni na askari na mkalimani. Kuvuka hakutaka, kwa kuwa mamba alikuwa amejianika mchangani hapo karibu, naye mamba hakuwa na ruhusa.

Mkalimani akapaza sauti. "Walaal, dada yangu, afisa anauliza nyumba ya serikali umeipeleka wapi?"

"Mwambie nyumba ni yangu," hooyo akajibu akichuma vijiti. "Serikali ilinipa mstari. Mstari wake nimeuacha hapo hapo."

Sijui mkalimani alisema nini kwa Kiswahili, ila alisema kwa kirefu sana. Afisa akaamuru askari wavuke watukamate. Ndipo askari mmoja mtu mzima akauliza kwa adabu kama kisiwa ni cha mkoa wetu. Mto ndio mpaka. Ng'ambo ya pili ni mkoa mwingine, ambako amri za afisa hazikufika. Katikati ni wapi? Watu walikuwa wakiuana kwa ajili ya mpaka, na huyu sasa alikuwa na mpaka wake mdogo, una mwanamke mmoja na punda. Akapiga simu ya upepo kuuliza kisiwa ni cha nani, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Sisi tukaendelea na likizo.

Dooyo alizaa asubuhi moja jua likipanda, ndama jike, alhamdulillahi, miguu mirefu kuliko akili. Hooyo alilia kidogo akiwa amempa kisogo Dooyo, asije akajivuna. Tukamwita ndama Jasiira, kwa lugha yetu kisiwa.

Kisha maji yakawa mekundu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani kwa akina afisa, na mto ukaanza kupanda. Hooyo akaivunja nyumba, tukavuka upesi, ndama tumemshika huku na huku.

Afisa alikuwa anatungoja kwenye pengo lake. Nyumba aliipokea kama mwana mpotevu. Halafu akamwona Jasiira.

"Mlitoka na ngamia mmoja," akasema. "Huyu wa pili ni wa shifta. Atakamatwa."

Askari akamshika ndama shingoni. Hooyo akasogea mbele ya afisa. Safari hii hakumngoja mkalimani. Alitumia Kiswahili chake chote, ambacho kilikuwa kidogo.

"Huyu nazaliwa kisiwa. Wewe naulisa kisiwa ya nani. Jibu nakuja?"

Jibu lilikuwa halijaja. Akimkamata ndama, amesema kisiwa ni chake, naye aliambiwa asubiri. Alimtazama askari, akaitazama bendera, akapuliza filimbi bila sababu yoyote. Askari akamwachia ndama. Jasiira akajikwaa mpaka kwa mama yake, akanyonya mbele ya serikali.

Baba alirudi vita vilipokwisha, amekonda, kanzu si yake. Kabla ya kutusalimu aliwaangalia ngamia. Dooyo alimjua. Baba akamnyooshea Jasiira fimbo na kuuliza huyu ametoka wapi. Hooyo akamjibu kwa Kisomali, isipokuwa neno moja ambalo baba hakulijua, ikabidi akae chini aelezwe.

"Ametoka likizo," alisema.