Bega la Brashi

Siku hizi ukitaka jina la duka lako liandikwe, unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta, mashine yake inatema plastiki yenye herufi zilizovimba kama zimeumwa na nyuki, na jua linaibabua kabla hujazoea kuiona. Watu wanaita hayo maendeleo. Mimi nayaita uvivu.

Rafiki yangu Brashi aliandika kwa mkono. Mabango ya maduka yote ya mtaa wetu yalikuwa yake. Alipanda ngazi, akanyanyua mkono juu ya kichwa, akavuta herufi bila rula. Ukimuuliza anapimaje, alikujibu, "Kwani wewe ukila, unaupima mdomo kwanza?"

Kunyanyua huko kukalimaliza bega la kulia. Akawa havai shati bila mkewe, wala halalii upande ule. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kinyozi alitaka ubao wake uandikwe upya, na alisema wazi kwamba Brashi akishindwa, ataweka plastiki.

Hospitali ikampeleka kwa binti wa mazoezi ya viungo, katika chumba chenye kitanda kimoja na kioo. Binti akakunja taulo, akamwambia alibane kwapani, kiwiko kigande mbavuni. Akafunga ukanda wa mpira kwenye kitasa, akampa ncha.

"Vuta mkono uende nje, taratibu. Taulo lisianguke. Ikiuma, punguza."

"Mwanangu, huu si mpira wa kufungia nywele?"

"Chukulia ndio huo, mzee. Kano za bega lako zimechanika kidogo. Hazitaki ubabe."

Sisi tulifundishwa kazi na watu walioamini kwamba mkono usiouma haujafanya kitu. Brashi alifika nyumbani, akatupa ukanda na taulo, akakata tyubu ya baiskeli, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye kitasa cha mlango, akavuta ameuma meno.

"Baba, unatibu bega au unang'oa mlango?" mkewe akamuuliza.

Hakusikia. Haukupita muda, mkono ukawa haufiki hata kidevuni.

Nilimsindikiza kurudi hospitali, ameubeba mkono kama mtoto mgonjwa, tyubu nimeishika mimi. Binti aliitazama ile tyubu, kisha akasema bila kupaza sauti, "Ungeniambia hutaki kupona, nafasi yako ningempa mwingine."

Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa na haki.

Brashi akaanza upya, kwa ukanda wa nywele. Kinyozi akakubali kungoja, huku akinung'unika. Miezi ikapita, mkono ukapanda hadi usawa wa kifua bila maumivu. Ngazi, binti akasema, aisahau. "Ila chini ya kifua, kiwiko kikiwa mbavuni, andika unavyotaka."

Nililaani mimi. Herufi huandikwa pale zitakapokaa, fundi yuko juu, mtaa unatazama. Brashi hakulaani. Alimwambia kinyozi aung'oe ubao, wakaulaza mezani kati ya vitana na mashine za kunyolea. Akakunja kitambaa, akakibana kwapani, akachovya brashi.

"Fundi, umeficha nini kwapani?" mteja mmoja akamtania.

"Bega langu. Likianguka, utaliokota wewe?"

Kitambaa hakikuanguka. Ubao ukapandishwa na vijana, wakaupinda, maana siku hizi hata msumari hakuna ajuaye kuupiga. Brashi akasimama chini, mkono mfukoni, akawatukana mpaka ukanyooka.